Fundi akipandisha kasi ya prosesa, mnunuzi lazima aambiwe?

MpigaVideo_Kondele: Wenyewe, habari za jioni. Miezi miwili iliyopita nilinunua kompyuta ya mezani ya mtumba hapa Kisumu, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni i7-4790K ya Intel. Kazi yangu ni video za harusi na matanga. Kila Ijumaa nakesha nikitoa video ya masaa matatu, na ikifika katikati skrini inaganda. Jana nimeingia BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta, nikakuta kizidishi, yaani namba inayopanga kasi ya prosesa, kimewekwa 48 na volti 1.40. Yaani fundi aliipandisha hadi gigahezi 4.8 na hakunong'ona. Nilipompigia akacheka, "Si nilikuongezea kasi ya bure?" Swali langu ni moja: ni haki kuuza mashine iliyopandishwa kasi bila kumwambia mnunuzi?

FundiKibuye: Hapa ndipo mafundi tunapotukanwa. Mteja anakuja na pesa ya baiskeli anataka ndege. Hiyo herufi K mwishoni maana yake kizidishi hakijafungwa, ilitengenezwa ipandishwe. Ikitoka kiwandani huanza 4.0 na kujinyanyua yenyewe hadi 4.4. Mwenzangu kaongeza hatua nne tu. Kelele ya nini?

NyarAhero: Hatua nne za kasi sawa, lakini volti umeziruka kama dimbwi. Joto hufuata kasi ukizidisha kwa volti, kisha kwa volti tena. Kutoka 4.4 kwa volti 1.2 hadi 4.8 kwa 1.4 unapata karibu moto mara moja na nusu, kwenye kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Halafu kuna Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010: mnunuzi ana haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi bidhaa aliyonunua. Fundi, nijibu hilo.

FundiKibuye: Dada, "kama dimbwi" ni mimi unaniambia? Nimeanza kuchomelea madabodi, zile bodi kuu za kompyuta, kabla hujajua kuwasha simu.

NyarAhero: Na Katiba?

MtuWaSection58: Mnapoteza muda na Katiba. Shida ni Kisumu. Hapo kwenu saa nane mchana hata kuku anagombania kivuli na mbuzi. Mimi niko Nakuru, yangu inakimbia 4.7 tangu mwaka jana na haijawahi kuganda. Hameni.

JaDunga: Ati tuhame! Omera, nyinyi mmekuwa jiji Desemba 2021, rangi ya cheti haijakauka, na tayari mnafukuza watu? Hata jina lenyewe la Nakuru kwa Kimaasai ni mambo ya vumbi. Fungua hiyo kompyuta yako, tupande viazi ndani.

MtuWaSection58: Vumbi linapulizwa linaisha. Vile vidudu vya ziwa vikiingia kwa feni vinapulizwa na nani?

JaDunga: Vidudu vya ziwa ni chakula cha samaki, na samaki ndiyo mnakuja kununua hapa kila mwisho wa wiki.

Mwalimu_Kakamega: Jamani, kijana aliuliza swali. Lakini kwa kuwa tumefika huku, nami niseme. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Kisumu 1,130 hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo feni inazunguka vilevile lakini hewa inayobeba joto ni kidogo. Hako kabaridi mnakojivunia, sehemu yake mnairudisha hapo.

MtuWaSection58: Mwalimu, sasa unatuhesabia hewa?

Mwalimu_Kakamega: Ndiyo. Na ukumbuke feni haiwezi kushusha prosesa chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda digrii kumi, prosesa nayo inapanda kiasi hichohicho. Kwa hiyo mpimaji wa usiku asijisifu mchana.

FundiKibuye: Mnamsema mwenzangu, kwani Intel wenyewe si juzi walikiri prosesa zao zote za kizazi cha 12 zinakufa bila mtu kuzigusa? Hapo mlalamikie nani?

NyarAhero: Ni za kizazi cha 13 na 14, mzee wangu, na si zote. Hiyo ni 2024. Tatizo lilikuwa volti kupanda kupita kiasi, wakatoa marekebisho ya kuwekwa kupitia BIOS na kuongeza dhamana miaka miwili. Walisema hadharani. Huyo mwenzako alicheka kwenye simu.

FundiKibuye: Wewe unajifanya wakili wa nani?

NyarAhero: Wa mwenye video. Kondele, kabla hatujachukuana mbali: umeangalia joto kazi ikiwa imepamba moto? Anza kwa kurudisha kila kitu cha kiwandani. BIOS ikikataa, zima, chomoa waya, toa ile betri ya duara kama sarafu, subiri dakika chache, irudishe. Ukitaka kupanda tena, panda hatua moja moja, volti usiziachie madabodi ijichagulie, maana nyingi hujipakulia kwa mwiko mkubwa. Kila hatua uijaribu masaa kadhaa kwa Prime95, programu ya kuichosha prosesa kwa hesabu. Ile hukagua majibu ya hesabu zake, kwa hiyo inashika kosa hata kompyuta isipoganda. Hilo ndilo baya zaidi: mashine inaonekana nzima, kumbe inakosea hesabu na faili inatoka na kasoro. Na RAM, kumbukumbu ya kompyuta, ipime peke yake kwanza, usije ukailaumu prosesa bure.

JaDunga: Na asisahau kutoa vumbi la Nakuru.

MtuWaSection58: Wacha wivu.

MpigaVideo_Kondele: Nimerudi. Nimeifungua leo asubuhi. Kile kipoza cha juu ya prosesa kina miguu minne ya plastiki ya kubonyeza, na mmoja haukuwa umeingia. Umening'inia tu. Pesti ya kupitisha joto upande huo imekauka kama uji ulioachwa sufuriani. Na katikati ya mapezi ya kipoza, JaDunga usinikasirikie, kuna tabaka la vidudu vya ziwa, nimevitoa kwa brashi ya rangi. Nimepaka pesti mpya, nimebonyeza miguu yote, nimerudisha 4.4. Jana ilikuwa inagonga digrii 98, leo 76. Video ya masaa matatu imetoka nzima, nimeiangalia mpaka watu wanapokula.

FundiKibuye: Si mnaona? Ilikuwa mguu wa kipoza. Kasi haikuwa na kosa lolote.

NyarAhero: Na mguu aliuacha nani?

Mwalimu_Kakamega: Kijana, ungerudisha mguu kwanza ukaacha 4.8, ungejua lipi ni lipi. Umebadilisha vitu vinne kwa pamoja.

MpigaVideo_Kondele: Mwalimu, kuna mazishi Jumamosi Ahero na nimeshachukua nusu ya malipo. Siwezi kufanyia utafiti juu ya marehemu wa watu.

JaDunga: 😂😂 Fundi, Katiba bado haijajibiwa, ukurasa wa pili huu.

FundiKibuye: Sawa, ningemwambia. Mimi ningemwambia. Siongelei wengine.

MtuWaSection58: Kondele, hiyo mashine ukichoka nayo nitumie bei. Huku kuna baridi.