Loki ya simu: alama ya kidole, namba au mchoro?

Kijana_Soweto: Wakuu habari za jioni. Kesho naingia soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuchukua simu, nimebakiwa na mbili za kuchagua. Moja ina alama ya kidole ubavuni, nyingine haina ila betri ni kubwa na bei imepoa. Kidole ni lazima, au namba ya siri na mchoro vinatosha? Na zile njia za mkato za tochi na kamera kioo kikiwa kimefungwa, niziache?

FundiMafinga: Androidi ya ngapi? Nani ataitumia? Bila hayo tutabishana hadi asubuhi. Namba ya tarakimu 4 ina michanganyo 10,000, ya tarakimu 6 ina 1,000,000. Weka 6. Hata yenye kidole ukiizima na kuiwasha inadai namba kwanza, kwa hiyo namba huikwepi.

Dada_Uyole: Mchoro sitaki hata kuusikia. Mtu akishika simu na vidole vya mafuta, kioo kinabaki na mstari. Iinamishe kidogo kwenye mwanga, njia nzima unaiona.

Kijana_Soweto: Ni ya mama, yuko Tukuyu, anachuma chai. Hela ya parachichi inaingia humo humo.

Mkulima_Makete: Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo! Mikono ya kazi inasagika. Mimi nalima viazi, asubuhi ya baridi vidole vimepasuka na vina udongo, simu inakataa, inakataa, mwisho inadai namba. Kama utachukua ya kidole, msajilie kidole kidogo cha mkono wa kushoto, na kidole hicho hicho ukisajili mara mbili.

Bajaji_Kabwe: Ndugu zangu, mnaongelea kioo mnasahau laini. Mimi niliporwa stendi, simu ina kidole na namba, nikajua niko salama. Jamaa hakuhangaika nayo. Alichomoa laini akaiweka kwenye kiswaswadu chake, akaanza kupokea simu zangu. Shemeji alipiga, akaambiwa nimepata ajali, atume hela ya hospitali haraka. Akatuma. Baba mdogo naye akatuma. Mimi huku nazungushwa dirishani kufunga laini, mara lete kitambulisho, mara subiri mtandao. Hela haikurudi hadi leo. Mama awekewe namba ya siri ya laini, tafadhali sana.

FundiMafinga: Kweli kabisa, ila mfundishe vizuri. Akikosea mara 3 laini inadai PUK, namba ya kuifungulia laini, ya tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Kile kikadi cha laini chenye PUK kitunze wewe.

Dada_Uyole: Tochi iache, umeme ukikatika ataipata wapi? Kamera nayo haina shida, ikifunguliwa kioo kimefungwa haionyeshi picha za zamani. Cha kuficha ni maandishi ya meseji, maana namba za uthibitisho zinasomeka bila kufungua chochote. Halafu jaza taarifa za dharura, namba yako ionekane hata simu ikiwa imefungwa.

Bajaji_Kabwe: Na *150*00# ya M-Pesa ihifadhi kama jina, uliweke kioo cha mwanzo. Akigusa tu menyu inakuja.

Mkulima_Makete: Mimi bado nasema betri kubwa. Baridi ya huku inakula chaji.

FundiMafinga: Baridi ya Tukuyu si ya Makete mzee wangu, kule ni mvua. Aangalie simu isiyoogopa maji.

Mama_Njombe: Kamwene. Samahani kuingilia, huyo mama parachichi zake ni Hass au za kienyeji? Na wanunuzi wanazifuata shambani?