Kikundi cha Wakazi na Wafanyabiashara wa Soko la Barabarani, Mtwara

Mwenyekiti wa Mtaa: Asalaam aleikum ndugu zangu, na Bwana asifiwe kwa wengine. Wataalamu wa mradi watafika ofisi ya mtaa Jumanne saa nne asubuhi ili kupokea maoni kuhusu kujengwa upya kwa soko letu. Ramani niliiweka hapa jana. Tafadhali mhudhurie, kwa kuwa orodha ya mahudhurio itaambatishwa kwenye muhtasari.

Mama Ashura (samaki): Waaleikum salaam, Mwenyekiti. Kwa heshima zote, saa nne ndiyo saa ambayo sisi tuliotoka soko la samaki la Feri alfajiri tunahangaika kumaliza mzigo kabla jua halijauharibu. Watakaoweza kuja ni wenye bidhaa zisizooza, kisha itaandikwa kwamba soko zima limeshirikishwa.

Mzee Mfaume: Nimeikuza ramani ile mpaka macho yakauma. Wauza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, na wauza mihogo wamepangiwa vizimba vya ghorofani. Sijui aliyechora amewahi kununua ming'oko: mteja wake ni mpita njia anayeinama kwenye mkeka, anamenya mmoja, anaonja, ndipo anachagua fungu. Mtu huyo hapandi ngazi. Jambo la pili ni mfereji wa meza za samaki, ambao mshale wake unaelekea kwa mama lishe.

Mama Neema (mkazi): Shikamoo Mzee. Naomba na sisi tusio na meza tusikilizwe, maana nyumba yangu inatazamana na soko hilo. Mwaka jana mgonjwa wetu alibebwa mikononi hadi barabara kuu kwa sababu bajaji haikuweza kupenya katikati ya meza. Mimi nautaka ujenzi huu, mradi njia ya gari iachwe wazi na choo kisiwekwe ukutani kwangu.

Mzee Mfaume: Marahaba mwanangu. Hilo la njia ni la haki, na hakuna mfanyabiashara atakayelipinga.

Mwalimu mstaafu: Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu, na ibara ya 146 inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Kwa hiyo kuomba saa nyingine si ukaidi. Ningeongeza kwamba tuulize ujenzi utaanza mwezi gani, kwa sababu minada ya korosho ikishaanza Oktoba na wakulima wakalipwa, ndipo fedha inapozunguka mjini. Mkiondolewa barabarani wakati huo mtakuwa mmepoteza msimu ambao huwalipia watoto ada ya Januari.

Mama Ashura (samaki): Umenena, Mwalimu. Pia tuelezwe tutahamishiwa wapi kwa muda, na nani ataandikwa kuwa na haki ya kurudi. Wengi wetu meza si zetu, tunakodi, na nina hofu orodha ikiandikwa kwa majina ya wenye meza, wanaouza kila siku watabaki nje.

Mwenyekiti wa Mtaa: Nimezungumza na wataalamu kwa simu sasa hivi. Ramani bado ni rasimu, nao wamekubali kuja Jumapili baada ya swala ya alasiri, palepale sokoni. Mtendaji atapita mapema kuandika kila anayeuza, awe mwenye meza, mpangaji au wa mkekani.

Mama Ashura (samaki): Tunashukuru. Ombi langu la mwisho ni kwamba karatasi ya mahudhurio itenganishwe na ya kuridhia, na muhtasari usomwe kwa sauti kabla hatujatia saini.

Mwenyekiti wa Mtaa: Karatasi zitakuwa mbili. Mzee Mfaume, naomba ramani ichapishwe kubwa, gharama nitakurejeshea.

Mzee Mfaume: Nitaichapisha kesho. Mifereji nitaikoleza kwa kalamu nyekundu.