Rangi ya foku imelika pale paipu ya breki inagusa, nifanyeje?

Mpanda_Wanale
Jamani habari za humu. Niko Mbale, nina baiskeli ya mlima nilinunua yuzdi, foku yake (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) nyeusi ya shokapu. Mguu wa kushoto pale paipu ya breki inapita rangi imelika mpaka chuma kinaonekana, na upande wa ndani karibu na tairi pia kumechubuka kwa sababu ya matope, unajua udongo wa huku mvua ikinyesha unagandana kwa tairi, ukikauka unasugua kama msasa. Sasa fundi wa hapa mtaani anasema nilete kopo la sprei apige yote mara moja bila kufungua kitu. Mi naogopa. Lazima foku itoke kweli?

Fundi_Katwe
Mwambie hiyo sprei aweke chini kwanza. Chukua sumaku uguse hapo palipochubuka, ikishika hiyo ni chuma kweli, ikikataa basi ni magnesiamu au alumini. Foku nyingi za maana miguu ya chini ni magnesiamu ya kumiminwa. Hiyo haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe na inajila yenyewe polepole, jasho na chumvi ndo adui yake. Mi nauliza sumaku kwa sababu ya praima, ile rangi ya chini ya kwanza, maana red oksaidi ya hadiwea ni ya chuma, ukiipaka kwa magnesiamu itabanduka tu na rangi yako juu. Huko unataka epoksi praima, ile ya kuchanganya makopo mawili, uliza wanaouza rangi za magari.

Na msasa ni wa mkono, wa maji, namba 400 hivi, sugua mpaka ule ukingo wa rangi ya zamani usisikike kwa kidole. Grainda hapana kabisa, vumbi la magnesiamu linawaka moto ssebo.

Dada_Pedali
Mzee wangu kwa doa dogo hivyo unamtuma mtu mpaka kwa rangi za magari? Asafishe na spiriti, asugue kidogo, apake kyuteksi nyeusi, safu nyembamba nyembamba aache kila moja ikauke, juu amalizie na ile isiyo na rangi. Mi yangu iko hivyo na naenda nayo msitu wa Mabira kwa matope yote. Ikibanduka unapaka tena, rangi ya kucha iko kila duka.

Ila yote ni bure kama paipu bado inasugua. Funga hiyo paipu vizuri na kebo tai isichezecheze, halafu pale inapogusa bandika kipande cha tyubu ya zamani au ile tepu nene ya plastiki. Watu wanapaka rangi mara ngapi na kinachokula rangi bado kipo palepale!

Fundi_Katwe
Dada kyuteksi siikatai kwa kidoa. Ila huyu amesema na upande wa tairi kumechubuka, huko mawe yanapiga kila siku, kyuteksi pekee haitakaa.

Mpanda_Wanale
Nimejaribu sumaku, haishiki, na kuna kaunga keupe kweli. Asante mzee, asante dada. Kwa hiyo epoksi. Na fundi akisisitiza sprei?

Boda_wa_Milimani
Sprei si mbaya, shida ni pale inaporukia. Gurudumu litoke, kalipa (ile inayobana padi za breki) itoke, uifunge na kaveera, mfuko wa plastiki, mbali kabisa, maana rangi ikiingia kwa padi au diski breki haishiki tena, na huko kwenu ni kuteremka tu utaniambia. Zile nguzo za juu zinazong'aa na sili zake (mipira inayozuia mafuta) zungushia tepu ya karatasi vizuri, huko hata tone lisifike, zile zinaingia na kutoka, rangi ikikauka hapo inakwaruza sili na mafuta yanaanza kuvuja. Foku yenyewe inaeza kubaki kwa fremu kama ni kurekebisha tu.

Angalia pia breki yako inatumia mafuta gani. Kama ni DOT, yale kama ya breki za magari, yakidondoka kwa rangi mpya yanaila mpaka chini. Breki za Shimano zinatumia mineral, yaani mafuta ya madini, hiyo haina neno.

Halafu siku ya mvua usipake, unyevu ukiingia klia, ile safu ya juu isiyo na rangi, inageuka nyeupe nyeupe.

Mpanda_Wanale
Sawa. Na kwa nguzo ya juu kuna kamkwaruzo, nikapitishie msasa pia?

Fundi_Katwe
Weee usiguse na msasa wa rangi! Pitisha ukucha, usipokwama achana nako, futa na kitambaa tu. Ukikwama hapo ndo kyuteksi ya dada isiyo na rangi inafaa, jaza kile kishimo tu, ikikauka sawazisha na msasa laini sana wa 2000, usitoke nje ya kishimo.

Dada_Pedali
Hahaa sasa kyuteksi imekuwa dawa. Stika za foku kama zimetoka pia nenda kwa wachapishaji wa Nasser Road Kampala wakukatie, bandika kabla ya klia.

Mpanda_Wanale
Stika zangu bado ziko. Fundi amekubali kufungua kalipa lakini anataka pesa ya ziada, naona nitafungua mwenyewe.