Naomba ushauri: nawapeleka wazazi kula hoteli kubwa Arusha

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Ni watu wa Marangu, na maisha yao yote wametulisha sisi kwanza ndipo wao wale. Mimi na wadogo zangu tumechanga, tunataka tuwapeleke chakula cha mchana kwenye hoteli kubwa ya Arusha, ikiwezekana yenye bustani inayoutazama Mlima Meru. Tutakuwa watu 9.

Kinachonisumbua zaidi ni baba. Akiona uma na visu vingi mezani anaweza kukaa kimya akanywa chai tu. Najua unaanza na vya nje ukiingia ndani kadiri sahani zinavyobadilishwa, ila sitaki kumfundisha mbele ya wahudumu. Je, bafe itamfaa zaidi, ajipakulie mwenyewe? Mama naye ana kisukari. Nikipiga simu siku mbili kabla, jikoni watakubali kumtengenezea chakula chake, hata machalari (ndizi zilizopikwa na nyama) yenye mafuta kidogo?

Halafu bili. Mwaka jana kwenye hoteli moja nililetewa bili iliyoongezwa VAT ya asilimia 18 na gharama ya huduma juu ya bei ya menyu, nikaaibika. Nawaulizaje mapema bila kuonekana sina hela?

Na keki ya kutoka nje wanaruhusu? Dada yangu ndiye anayeoka, na mama angefurahi sana kuikata hiyo.