Kampuni yangu ya malori imelemewa na madeni, niombe msimamizi?

MtuWaChangamwe: Salaam ndugu. Nina kampuni ya uchukuzi hapa Mombasa. Tangu kontena zianze kupanda treni kazi imeanguka. Muuza mafuta ameniletea barua ya kisheria: nimlipe ndani ya siku 21, la sivyo anaomba korti kampuni ifilisiwe. Benki nayo inadai. Nasikia Sheria ya Ufilisi ya 2015 inakuruhusu kuteua msimamizi wa kuiendesha kampuni kwa muda, wadai wasikuguse. Usingizi sina. Nifanye hivyo?

BiMwanaisha: Pole mwanangu. Marehemu mume wangu aliweka nyumba rehani kwa ajili ya duka la leso, tukaishia kwa kaka yake Kisauni. Deni halina huruma.

MshikaHesabu: Nakumatt, ile kampuni ya supamaketi, ilipata msimamizi Januari 2018. Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Gharama za msimamizi hulipwa kwanza, ndipo mishahara ya wafanyakazi, nayo ina kikomo cha shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Bunge lirekebishe hapo kwanza.

WakiliWaPwani: Mbona ARM Cement, kampuni ya saruji, huitaji? Nayo iliwekewa msimamizi 2018, na kiwanda cha Athi River kikauziwa National Cement. Zamani benki yenye dhamana ilileta mrasimu wake, mtu wa kushika mali iliyowekwa dhamana, akakusanya deni lake, wengine wajijue. Msimamizi hutazama wadai wote. Mwaka 2021 iliongezwa hata kinga ya siku 30 ili wakurugenzi wazungumze na wadai. Ila kinachookolewa ni biashara, si lazima mwenyewe. Bwana wa Changamwe, malori ni mangapi na logbuku zina jina la nani?

MtuWaChangamwe: Sita. Manne ni ya kampuni.

WakiliWaPwani: Na mawili?

MtuWaChangamwe: Ya shemeji yangu. Tumebadilisha majina mwezi uliopita. Hayakuwa na mkopo wa benki, ni jasho langu. Wanangu wale nini?

WakiliWaPwani: Alikulipa kiasi gani?

MtuWaChangamwe: Tutaelewana, ni mtu wa nyumbani.

WakiliWaPwani: Basi ukimleta msimamizi, au mwenye mafuta akimleta mfilisi, yeyote kati yao anaweza kuomba korti iyarudishe. Jasho ni lako, lakini malori yalikuwa mali ya kampuni.

KijanaLikoni: Mimi siamini. Maswali yamepangika mno, huyu ni mwanafunzi wa sheria anatafutiwa majibu. Mwenye malori angeanza kulia bei ya dizeli.

MshikaHesabu: Nami nashuku. Shemeji ametokea tulipouliza tu.

MtuWaChangamwe: Sikusema kwa sababu nilijua mtanihukumu. Njoo yadi kesho asubuhi uwasikie madereva wakiniuliza mshahara.

BiMwanaisha: Kijana, mtu akilia humwombi kitambulisho.

WakiliWaPwani: Tuliache hilo. Barua ilifika lini?

MtuWaChangamwe: Imebaki wiki moja. Na shemeji ameshapata mnunuzi wa lori moja, wa Malaba.

WakiliWaPwani: Mpigie simu sasa hivi asiuze. Kisha tafuta wakili, umpe mikataba ya mkopo, orodha ya wadai na hati za malori yote sita.