HELOC, mkopo wa mkupuo au kusubiri: nyumba ni yetu, historia ya mikopo hatuna

Mkazi wa Columbus
Salamu kwenu nyote. Mwaka 2019 mimi na mke wangu tulinunua nyumba hapa Columbus, Ohio, kwa fedha taslimu tulizozikusanya kwa miaka mingi, kwa sababu hatukutaka kuingia katika deni. Sasa paa linavuja na mtambo wa kupasha joto umechakaa, na kazi zote mbili zitagharimu takriban dola 30,000. Nyumba ina thamani ya dola 160,000 hivi na haidaiwi hata senti moja. Nilidhani hilo lingetosha, lakini benki niliyoiendea ilinikataa ikieleza kwamba historia yangu ya mikopo ni fupi mno, kwani nina kadi moja tu ya mkopo, niliyoifungua miezi minne iliyopita. Ninalinganisha njia tatu: HELOC, yaani mkopo wa kuchota kidogo kidogo kwa dhamana ya nyumba; mkopo wa mkupuo mmoja wenye riba isiyobadilika kwa dhamana hiyo hiyo; au kusubiri historia ikomae. Naomba ushauri wenu.

Binti Tanga
Pole sana, kaka. Thamani ya nyumba humwonyesha mkopeshaji atakachopata ukishindwa kulipa, lakini swali lake la kwanza ni kama utalipa, na jibu lake hulitafuta katika historia. Alama za FICO, yaani namba za kuanzia 300 hadi 850 ambazo wakopeshaji hutumia kupima uaminifu wako wa kulipa, haziwezi kukokotolewa mpaka uwe na akaunti ya mkopo iliyotimiza angalau miezi sita, na pawe na akaunti iliyoripotiwa ndani ya miezi sita ya karibuni. Kwa hiyo usidhani kwamba una alama mbaya, kwani bado huna alama yoyote. Bili za umeme na simu ulizozilipa kwa uaminifu kwa kawaida haziripotiwi kwa Equifax, Experian wala TransUnion, kampuni zinazotunza taarifa za mikopo ya watu, isipokuwa pale deni linapokabidhiwa wakusanya madeni, na hilo huumiza wengi wetu tuliozoea kulipa taslimu.

Ningekuwa wewe ningesubiri miezi miwili, nikitumia sehemu ndogo tu ya kikomo cha kadi na kulipa kabla ya tarehe. Katika alama hizo, ulipaji kwa wakati hubeba asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Vilevile, kwa kuwa umekataliwa kwa sababu ya taarifa zako za mikopo, una haki ya kupata nakala ya taarifa hizo bila malipo ukiiomba ndani ya siku 60. Iombe, kwa sababu kosa la jina tu linaweza kukuharibia, na majina yetu hukosewa mara nyingi.

Mzee wa Kigoma
Mwanangu, mimi nilichukua HELOC mwaka 2021, na ninakueleza niliyoyaona. Riba yake hufuata riba ya msingi ya mabenki, ambayo ilikuwa asilimia 3.25 mwanzoni mwa 2022 na kufikia 8.50 Julai 2023, baada ya Benki Kuu ya Marekani kupandisha riba mara nyingi mfululizo. Marejesho yangu yalipanda ilhali sikuwa nimechota hata dola moja zaidi. Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau: katika kipindi cha kuchota, ambacho mara nyingi ni miaka 10, wengi hulipa riba pekee. Kwa dola 30,000 na riba ya asilimia 8, hiyo ni dola 200 kwa mwezi; kipindi kikiisha, deni lote bado lipo na sasa unaanza kulipa zile dola 30,000 zenyewe pamoja na riba. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. HELOC humfaa mtu asiyejua gharama zitafika wapi, lakini wewe tayari unazijua, basi mkopo wa mkupuo unakufaa zaidi.

Msomaji wa Houston
Ninaongeza kwa wanaosoma wakiwa Texas: huku katiba ya jimbo inazuia madeni yote juu ya nyumba kuzidi asilimia 80 ya thamani yake, na mkataba hauwezi kufungwa kabla ya siku 12 tangu uombe. Msichukue ya Ohio mkadhani ndiyo yetu.

Karani wa Mikopo
Nimefanya kazi katika chama cha akiba na mikopo, na ninakubaliana na Mzee kuhusu mkupuo. Hata hivyo, kusubiri si lazima kuwe kukaa kimya. Kanuni za kuzuia ubaguzi katika mikopo zinamtaka mkopeshaji anayepima historia yako azingatie, ukimwomba, maelezo yanayoonyesha kwamba historia hiyo haikuelezi ipasavyo. Peleka risiti za kodi ya majengo tangu 2019, bima, bili za umeme na hati za mishahara, kisha uombe kwa maandishi zizingatiwe. Vyama vidogo huwa na subira zaidi kuliko benki kubwa katika kusoma karatasi hizo.

Mkazi wa Columbus
Nimeelewa, na ninawashukuru. Nitaziba paa kwa muda kwa akiba tuliyonayo, kisha kadi ikitimiza miezi sita nitaomba mkopo wa mkupuo katika chama cha akiba na mikopo. Swali la mwisho: hati ya nyumba ina majina yetu wawili, lakini mke wangu haombi mkopo. Je, naye atasaini?

Binti Tanga
Tarajia kwamba atatakiwa kusaini hati ya rehani, kwa kuwa nyumba ni yake pia. Kwa mkopo huu juu ya nyumba mnayoishi, sheria inawapa siku tatu za kazi za kughairi baada ya kusaini. Jumamosi huhesabiwa, Jumapili na sikukuu za kitaifa hazihesabiwi. Shemeji anayo haki hiyo kama wewe, na akighairi yeye peke yake kwa maandishi, mkopo wote unavunjika. Basi mketi naye na kuusoma mkataba pamoja kabla ya siku ya kusaini.