Mjadala: Je, muuzaji aruhusiwe kudai kwamba chakula au mitishamba yake huongeza kinga ya mwili?

Ndugu wachangiaji, naileta mada hii kwa sababu madai ya aina hiyo yameenea mno, na watu huyategemea hata pale ambapo mgonjwa amelala ndani na anahitaji matibabu. Wanaotaka yaachwe huru husema kwamba tangawizi, kitunguu saumu, asali na limau vimetumiwa vizazi kwa vizazi bila kumdhuru mtu, na kwamba kuyazuia ni kudharau maarifa ya wazee. Wanaotaka yapigwe marufuku husema kwamba dai lolote la afya lisilopimwa kama dawa ya hospitali ni ulaghai. Msimamo wangu ni kwamba chakula kina nguvu kubwa sana juu ya kinga, pengine kubwa kuliko wanavyodhani hata wanaokitangaza, lakini nguvu hiyo huonekana zaidi kwa mtu aliyepungukiwa. Kwa hiyo dai lisilosema linamhusu nani lisiruhusiwe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni vitamini A, ambayo hulinda utando wa macho, njia ya hewa na utumbo, yaani milango ambayo vijidudu huipitia. Mwaka 1986, daktari Mmarekani Alfred Sommer na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika Aceh, Indonesia, uliohusisha vijiji 450, ambapo vifo vya watoto katika vijiji vilivyopewa vitamini hiyo vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja kuliko katika vijiji ambavyo havikupewa. Ni dawa ngapi za gharama kubwa zinazoweza kujivunia matokeo ya namna hiyo? Madini ya zinki nayo yana ushahidi wake, na ndiyo maana tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hushauri mtoto anayeharisha apewe zinki kwa siku 10 hadi 14, pamoja na maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa kwa kipimo sahihi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupungukiwa na protini, na tezi ya thaimasi, ambamo baadhi ya seli za kinga hukomaa, husinyaa. Mtoto huyo akila vizuri, kinga yake hurejea, na hapo hakuna anayeweza kusema kwamba chakula si tiba.

Hata hivyo, mtungi ukishajaa hauongezeki maji kwa kumiminiwa zaidi. Vitamini C ni miongoni mwa zilizochunguzwa kwa muda mrefu, hasa baada ya mwanakemia Linus Pauling kuitetea kwa nguvu kuanzia mwaka 1970. Mapitio ya majaribio mengi yaliyotolewa mwaka 2013 na Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalionyesha kwamba watu wa kawaida wanaoimeza kila siku hupata mafua mara zilezile kama wasioimeza, ingawa mafua yao huisha mapema kidogo, takriban asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Waliopata kinga ya kweli walikuwa wakimbiaji wa marathoni, wanaoteleza kwenye theluji (wanaskii) na wanajeshi waliofanyishwa kazi ngumu kwenye baridi, ambao hatari yao ilipungua kwa nusu hivi. Kuanza kumeza vidonge baada ya mafua kuingia hakukuonyesha faida ya kutegemewa. Nani kati yetu amewahi kuona maelezo hayo kwenye kichupa?

Kuna jambo jingine ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Kinga ya mwili haina kiwango kimoja kinachopaswa kupandishwa daima. Kuna seli zinazoshambulia na zinazozuia mashambulizi, na afya hutegemea uwiano wao. Katika magonjwa kama lupasi na baridi yabisi ya viungo, kinga hushambulia tishu za mwili wenyewe, na mgonjwa hupewa dawa za kuituliza. Mtu kama huyo akiuziwa kitu kwa ahadi kwamba kitaichochea kinga yake, kitu hicho kikiwa hakifanyi kazi atapoteza fedha, na kikiwa kinafanya kazi kinaweza kumzidishia ugonjwa.

Hoja ya kwamba vitu vya asili havidhuru siikubali kabisa. Asali ni salama kwa wengi, na ipo sababu nzuri ya kuitumia kutuliza kikohozi, lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza ambao huweza kuua. Kitunguu saumu kwenye mchuzi si tatizo. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, vidonge vyake vilipunguza kwa takriban nusu kiasi cha saquinavir, dawa ya kufubaza virusi vya UKIMWI, katika damu ya waliopimwa. Vitamini A ileile iliyookoa watoto, ikizidishwa, huharibu ini, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Kujifukiza kwa maji yanayochemka kumewaunguza watoto wengi.

Kuhusu wazee, naomba tukumbuke habari ya Tu Youyou, mwanasayansi wa China. Alisoma maandishi ya kale ya tiba, akaona yanashauri mmea wa pakanga ulowekwe na kukamuliwa bila kuchemshwa, akatumia joto dogo kuutolea kiini chake, na kiini hicho, artemisinini, kikawa msingi wa dawa bora za malaria. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kwangu mimi, hivyo ndivyo maarifa ya wazee yanavyoheshimiwa: yalichukuliwa kuwa jambo zito linalostahili kupimwa. Shirika la Afya Duniani, kwa upande mwingine, halishauri chai ya mmea huohuo itumike kutibu malaria, kwa sababu kiasi cha kiini chake hakitabiriki na kipimo kidogo huvipa vimelea nafasi ya kuwa sugu.

Sasa tufanyeje? Sheria ya Marekani ya mwaka 1994 humruhusu muuzaji wa vidonge vya lishe kudai kwamba vinasaidia kazi fulani ya mwili, mradi aandike kwamba dai halijakaguliwa na mamlaka na kwamba bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa. Naona huko ni kumtupia mnunuzi mzigo wote. Umoja wa Ulaya, katika orodha yake ya mwaka 2012, unaruhusu kusemwa kwamba vitamini C huchangia utendaji wa kawaida wa mfumo wa kinga. Ni kweli, lakini mtu anayekula vizuri atasoma sentensi hiyo na kudhani kwamba anahitaji kununua. Ningetaka kila dai litaje linamfaa nani, kwa kiasi gani, na nani asitumie.

Ninaloomba mlijadili kwa uzito ni gharama ya ushahidi. Kampuni haitagharamia majaribio ya tangawizi, kwa kuwa hakuna anayeweza kuimiliki peke yake, na tukisema kila dai lipimwe kwanza bila kusema nani atalipa, tutakuwa tumewanyamazisha waganga wa mitishamba na kuwaachia uwanja wenye mitaji. Mimi naona fedha za umma zitumike, kuanzia na tiba zinazotumiwa zaidi majumbani kwa watoto wadogo. Wenye njia nyingine waieleze.